Kufa na ufunguo mfukoni

Najua nimekuwa kimya tangu bumu liingie (na limeshakwisha, msiniulize). Leo sina umbea wa hosteli wala habari za mgomo. Nina hoja ya kompyuta, na naomba hata nyie wa Fasihi na Jiografia msikimbie, nitaiweka kiualimualimu. Si ndiyo kazi tuliyoijia hapa?

Hoja ni hii. Programu inayotunza mafaili, ikigundua kwamba mambo yamekwenda mrama huku imeshika kufuli, haina haki ya kufa palepale na ufunguo ukiwa mfukoni. Ichague moja: isimamishe mashine nzima waziwazi, au ifungue kufuli, ibandike alama kwamba hapa pana ugonjwa, kisha irudishe kosa kwa aliyeiita. Hii ya kufa nusunusu, mmoja kafa na wengine wote wanasubiri mlangoni, mie naiita uhuni.

Wenzangu wa kozi ya mifumo endeshi hatujaelewana juu ya hili wiki nzima. Kuna jamaa yangu mmoja, kichwa kwelikweli, msimamo wake ni mfupi: asesheni ikishindwa, ua. Basi. Sasa ukibishana vimbwetani na mtu anayepata A kila semesta huwa unamezwa, ndiyo maana nimeamua kuandika. Hapa hawezi kunikatiza.

Tuanze na maneno yenyewe. Asesheni ni mstari ambao mwandishi wa programu anauweka katikati ya kazi kusema "hapa lazima iwe hivi". Kwa mfano, idadi ya majina yanayoelekeza kwenye faili haiwezi kushuka chini ya sifuri. Ikiwa ni kweli, programu inapita bila kusema kitu. Ikiwa si kweli, maana yake kuna mahali mwandishi mwenyewe alifikiri vibaya, na mstari ule unapiga kelele. Wengi huziwasha asesheni kwenye toleo la dibagi, lile la kutafutia makosa, na kuzizima kwenye toleo wanalopewa watu. Kwenye C ukiweka NDEBUG wakati wa kuunda programu zote zinayeyuka. Java imekuwa nazo tangu 2002, na zimezimwa mpaka uandike -ea mwenyewe.

Kufuli nalo mnalijua. Mashine moja inafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, na kila mkondo wa kazi unaitwa uzi. Nyuzi mbili zikibadilisha folda moja kwa pamoja, folda inaharibika. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha anashika kufuli kwanza, anafanya yake, anafungua. Wengine wanasubiri zamu. Ni utaratibu wa bafu la hosteli, hamna jipya.

Sasa vichanganye hivyo viwili. Mfano ninaoupenda ni wa mwalimu wa taaluma. Yuko ofisini peke yake, anahamisha alama kutoka kwenye karatasi za mitihani kwenda kwenye daftari kuu, na mlango kaufunga kwa ndani ili mwingine asije akaandika juu ya anachoandika. Kafika mwanafunzi wa 23, anakuta alama 104 kati ya 100. Anaweza kuiandika na kuendelea, daftari likachafuka na asijue mtu. Anaweza kuanguka na kufa palepale kwenye kiti, na walimu wenzake wakagonga mlango mpaka likizo. Anaweza kupiga kengele ya dharura, shule nzima isimame. Au anaweza kuweka kalamu chini, akaandika kwa wino mwekundu juu ya jalada "msiandike humu, ukurasa wa 7 una tatizo", akafungua mlango na kwenda kwa mkuu wa shule. Huyo wa mwisho ndiye mwalimu. Wa kengele namwelewa. Wa kiti ndiye ninayegombana naye leo.

Maana yupo, jamani, na anafanya kazi ndani ya mashine nyingi sana. Keneli ya Linux ina amri mbili kubwa za namna hii. Ya kwanza inaitwa BUG_ON: jambo lisilowezekana likionekana, andika taarifa na uue uzi uliokuwa unafanya kazi. Ya pili ni WARN_ON: andika taarifa pamoja na orodha ya nani alimwita nani, halafu endelea, uamuzi unabaki kwa mwandishi. Kwenye programu ya kawaida kufa si balaa. Assert ya C inaita abort, programu nzima inaondoka na makufuli yake ya ndani yanaondoka nayo. Ila keneli haina mtu wa juu yake wa kuja kufagia. Uzi ukiuawa ndani ya keneli, kufuli la folda uliloshika linabaki limefungwa, na hakuna anayekuja kulifungua kwa niaba ya marehemu.

Kinachofuata wengi mmeshakiona bila kujua jina lake. Mtu anaandika ls kwenye folda ile, anakwama. Yuko kwenye hali inayoandikwa D, usingizi usioamshika, mara nyingine hata kill -9 haimgusi. Anafungua dirisha lingine ajaribu tena, sasa wamekwama wawili. Kama mmoja wa waliokwama alikuwa tayari ameshika kufuli la folda ya juu, foleni inapanda ngazi, na ikifika kwenye folda mama ya zote hata kuingia kwenye mashine huwezi. Linux inahesabu hao waliolala D kwenye kipimo cha mzigo, kwa hiyo unaona mzigo unapaa huku prosesa haifanyi kitu. Baada ya sekunde 120, kama ukaguzi huo umewashwa, keneli inaanza kulalamika kwamba kuna kazi imekwama. Na inamlalamikia anayesubiri! Aliyesababisha alishakufa zamani. Yaani polisi wamekuja kukamata foleni, teh teh.

Lakini pale panaponiuma mimi ni kwenye ushahidi. Taarifa ya kifo keneli inaiandika kwanza kwenye kumbukumbu ya RAM. Kuihamisha kwenda kwenye faili diskini ni kazi ya programu nyingine ya kawaida, na hiyo nayo inahitaji kuandika kwenye mfumo wa mafaili. Mfumo upi? Mara nyingi ni uleule uliofungwa. Kwa hiyo habari ya kilichotokea ipo, iko nje ya mlango, imesimama foleni na wengine. Mkichomoa umeme imekwenda na maji.

Nimeliona hili kwa macho yangu, mahali ambapo sipataji. Seva ya maabara iliganda wiki ya kukusanya kazi. Folda ya kazi za wanafunzi haikufunguka kwa mtu yeyote. Fundi akachomoa waya, akawasha tena, akatazama faili la kumbukumbu, hakuna kitu. Safi kabisa. Basi ikatangazwa kwamba kuna mwanafunzi aliyezidisha mzigo, na aliyekuwa ameonekana mwisho akinakili mafaili makubwa, rafiki yangu tunayesoma naye, akakatwa alama kwa kuwacheleweshea wenzake. Kilichomwokoa ni picha. Dada mmoja alikuwa ameipiga skrini ya seva kwa simu kabla ya waya kuchomolewa, akidhani ni kichekesho cha kupeleka hosteli, na kwenye picha unasomeka mstari wenye neno BUG na jina la faili la msimbo lililo ndani ya folda ya fs, yaani mifumo ya mafaili. Programu yenyewe ilikiri kosa, ila ikakiria mahali ambapo hakuna wa kusikia. Alama zilirudishwa baada ya wiki 3 za barua na kupanda ngazi za ofisi. Mtu asiye na rafiki mpiga picha angebaki na sapu yake.

Wala si mimi wa kwanza kulalamika. Oktoba 2016, mara tu baada ya kutoa toleo la 4.8, Linus Torvalds mwenyewe aliwaka hadharani kwa sababu ya BUG_ON zilizoingizwa dakika za mwisho, si kwenye mafaili bali kwenye usimamizi wa kumbukumbu. Leo nyaraka za keneli zinaiweka BUG_ON katika orodha ya vitu visivyotakiwa kwenye msimbo mpya, na sababu wanayoitoa ni hiihii ya kwangu: ukiua uzi, makufuli yafunguliwe kwa mpangilio gani, na vilivyokuwa vimebadilishwa nusu vimesharudishwa? Hakuna ajuaye. Mashine inaweza kuyumba mpaka hata taarifa ya kosa isipatikane.

Sasa tumpe haki yake jamaa yangu wa "ua tu", maana ana pointi. Anasema: ukishajua hali imeharibika, kila sekunde unayoendelea ni sekunde unayoweza kuandika takataka diskini, na takataka diskini hazitoki kwa kuwasha upya. Kweli kabisa. Mashine iliyoganda unaipoteza saa moja, mafaili yaliyoharibika taratibu unayagundua baada ya miezi, ukiwa umeshanakili uharibifu kwenye nakala za akiba zote. Pia anasema kwenye dibagi unataka kila kitu kisimame kama kilivyo, uone maiti kabla haijasogezwa. Nakubali tena. Ila ona, hoja zote mbili zinatetea kusimamisha mashine nzima. Hazitetei kuua uzi mmoja. Akitaka kuua, aue vizuri: aweke kernel.panic_on_oops iwe 1, awashe kdump ili picha ya kumbukumbu ihifadhiwe na keneli ya pili, na mashine ipaniki kiume, mbele za watu. Kwenye mashine ya majaribio hata mimi nafanya hivyo.

Upande wa pili kuna wanaodhani dawa ni kufungua kufuli tu. Java inafanya hivyo: kosa likirushwa ndani ya synchronized, hata kama ni la asesheni, kufuli linafunguka lenyewe na anayefuata anaingia. Anaingia wapi? Kwenye chumba ambacho kazi imeachwa nusu. Jina limeshafutwa kwenye folda lakini hesabu haijapunguzwa, au nafasi imeshatolewa diskini lakini ramani ya nafasi bado inasema iko wazi. Kufuli lilikuwa linalinda ahadi kwamba mambo ya ndani yamepangika. Ukilifungua wakati ahadi imevunjika umemdanganya anayefuata.

Ndiyo maana nasisitiza alama. Lugha ya Rust imelifikiria hili vizuri: uzi ukipaniki ukiwa umeshika kufuli la kawaida la maktaba yake, kufuli linahesabiwa limewekewa sumu, na kila anayekuja baadaye anapewa kosa badala ya kukaribishwa ndani kama hakuna kilichotokea. POSIX ya 2008 nayo ina makufuli imara ya kushirikiana: mwenye kufuli akifa, anayefuata anapokea EOWNERDEAD, yaani "umepata kufuli, lakini mwenyewe alifia humu". Akiweza kupanga mambo analihalalisha, asipoweza na akaliachia hivyohivyo halitumiki tena.

Mifumo ya mafaili iliyokomaa inafanya jambo hilohilo kwa ukubwa wa diski nzima. Ext4 inakupa chaguo wakati wa kuipachika: kosa likigundulika iendelee, au igeuke ya kusoma tu, au mashine ipaniki. (Anayechagua kuendelea sijui anaogopa nini.) XFS ndiyo ninayoipenda zaidi. Muamala ukiwa umeshaanza kubadilisha vitu kwenye kumbukumbu hauna njia ya kurudi nyuma, kwa hiyo ukilazimika kuufuta katikati XFS inajifunga yenyewe: inafungua makufuli, na kuanzia hapo kila anayeomba kazi anapewa kosa la EIO. Hakuna anayeganda. Ukiondoa diski na kuipachika tena, daftari la miamala linasomwa upya, na kwa kuwa muamala ule mbovu haukuwahi kuingizwa humo, diski inarudi kwenye hali ya mwisho iliyo sawa. Unapoteza vilivyokuwa bado havijaandikwa, unabaki na vingine vyote. Jalada lenye wino mwekundu, si mnaona?

Hata asesheni za XFS zimefikiriwa. Ukiijenga kwa ajili ya dibagi, asesheni ikishindwa inaua. Ukiijenga kwa kiwango cha kuonya tu, inaandika na kupita. Na tangu 2017 mwenye toleo la dibagi anaweza kuamua lipi kati ya hayo wakati mashine inatembea, kupitia swichi ya bug_on_assert. Tofauti na hiyo ni ZFS ya kwenye Linux. Huko asesheni ikishindwa, kwa mpangilio unaokuja nayo, uzi hauuawi, unalazwa milele ili fundi aje auchunguze. Unalala na makufuli yake yote. Kwa mtafiti mwenye mashine yake mezani ni zawadi. Kwa seva ya watu 300 ni mwalimu yule wa kwenye kiti, tofauti ni kwamba huyu bado anapumua. Kuna swichi inayoitwa spl_panic_halt, ikiwekwa 1 mashine nzima inapaniki badala yake, na mimi seva ya watu wengi ningeiweka hivyo bila kuuliza mtu.

Kwa sisi tunaoandika mradi wa semesta hii kuna mambo ambayo hayahitaji uprofesa. Asesheni nyingi tunaziweka mahali pabaya, yaani mwisho wa kazi, baada ya kubadilisha vitu. Ziweke mwanzo, ukishashika kufuli na kabla hujagusa kitu. Hapo ikishindwa hujaharibu chochote: unafungua, unarudisha kosa, na hata alama huihitaji. Ni zile chache zinazobaki baada ya badiliko la kwanza ndizo zinazodai alama ya ugonjwa.

Halafu fanksheni iliyo chini kabisa isijifanye hakimu. Haijui aliyeiita kashika makufuli mangapi. Kazi yake ni kuonya na kurudisha kosa, kila ngazi ifungue ilichofunga yenyewe. Kwenye C ni ule mtindo wa goto mwishoni mwa fanksheni ambao walimu wetu wa mwaka wa kwanza walitukataza kama dhambi. Kwenye keneli umejaa kila kona, na una sababu: njia moja tu ya kutokea, kwa hiyo hakuna namna ya kusahau kufuli.

Lingine, na hili naona hata watu wazima wanalikosea: kilichosomwa diskini hakiwekewi asesheni. Asesheni ni kwa makosa ya mwandishi. Data kutoka diskini ni kama majibu ya mwanafunzi kwenye mtihani, inaweza kuwa kitu chochote, inakaguliwa na kukataliwa kwa adabu. Flashi mbovu ya mtu aliyetoka stesheni ya kuchapisha haipaswi kuwa na uwezo wa kuiangusha mashine, na matundu mengi tu ya usalama yamesajiliwa kwa sababu mtu alitengeneza diski ya uongo iliyogusa BUG_ON ya mtu. Pia msidhani WARN_ON ni ya bure, kuna wanaowasha panic_on_warn na hapo onyo linageuka kifo.

Na msije mkaniambia "mbona mradi wetu wa FUSE asesheni ikifeli hakuna kinachoganda". Ni kwa sababu FUSE inaishi nje ya keneli kama programu ya kawaida. Inakufa na makufuli yake, folda inabaki inalalamika kwamba upande wa pili haujaunganishwa, unaipachua na kuipachika tena. Mwenye kutoa hitimisho kutoka huko kwenda kwenye keneli ni kama aliyejifunza kuogelea kwenye beseni.

Wale mnaoshika zamu ya maabara, mkikuta seva imeganda msiguse waya kwanza. Kama kuna dirisha lililobaki hai, andika dmesg, inasoma moja kwa moja kutoka kwenye RAM, na matokeo yapeleke kwenye flashi, siyo kwenye diski ileile. Kama hakuna dirisha, na kama imeruhusiwa kwenye mashine yenu, shika Alt na SysRq (ni ile ya Print Screen) kisha bonyeza w, keneli itawataja wote waliokwama na mahali walipokwamia. Halafu toeni simu mpige skrini, picha mbili tatu, herufi zisomeke.